Boksi la Inchi Sitini na Tano

Wiebren Hofstra alikuwa mtu wa kununua kitu mara moja na kukifikiria mara arobaini. Viatu alivyovaa asubuhi hiyo aliviwaza tangu Pasaka mpaka majani yakapukutika. Kwa hiyo aliposema mezani kwamba lazima wanunue televisheni kubwa kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, mkewe Aukje aliweka kikombe chini akamtazama sikio.

Haikuwa dharau. Katikati ya macho ya Aukje palikuwa na doa. Daktari wa Leeuwarden alilitaja kwa jina refu la Kilatini, Aukje akalifupisha kuwa "ukungu wangu". Akikutazama usoni, uso unafutika, masikio yanabaki. Akitaka kuiona pua yako, inabidi atazame bega. Kijiji kizima cha Lytsewier, huku kaskazini mwa Uholanzi, kilishazoea kusalimiwa begani, na hakuna aliyekasirika, isipokuwa mchungaji wa kanisa, ambaye alikuwa na masikio makubwa na alihisi anasemwa.

"Jumamosi ya wiki ijayo," Aukje alisema. "Wieb, wewe ulichukua miaka miwili kununua kibaniko cha mkate."

"Na kinabanika mpaka leo."

"Kinaunguza upande mmoja."

"Lakini kinabanika."

Sababu ya haraka hiyo isiyo ya kawaida ilikuwa mjukuu wao, Jildou, binti wa miaka kumi na saba mwenye mapaja kama nguzo za daraja. Jumamosi hiyo angeteleza kwa viatu vya vyuma mita elfu tatu kwenye ukumbi wa barafu wa Heerenveen, mashindano ya taifa, na kwa mara ya kwanza angeonyeshwa kwenye televisheni. Na aliyemfundisha kuteleza si kocha yeyote mwenye filimbi. Ni Aukje. Jildou akiwa na miaka mitatu, bibi yake alimshusha kwenye mfereji ulioganda nyuma ya nyumba, akampa kiti cha jikoni akisukume mbele yake asianguke, kama watoto wote wa huku wanavyofundishwa. Kiti chenyewe kipo mpaka leo, miguu yake imeparuzwa na barafu ikawa kama imetafunwa na panya.

Tiketi za Heerenveen waliletewa. Aukje alizikataa. Ndani ya ukumbi ule angeona barafu nyeupe na punje za mchele zikizunguka. Daktari ndiye aliyesema: nunueni kioo kikubwa, mama akae mita moja tu kutoka hapo, uso wa mtu ukiwa mkubwa kuliko doa basi utaonekana. Televisheni yao ya zamani ilikuwa kubwa kama sinia la biskuti. Watelezaji kwenye sinia hilo walikuwa siafu.

"Nikimwona mara moja tu inatosha," Aukje alisema. "Mwakani sijui ukungu utakuwa umefika wapi."

Baada ya maneno hayo Wiebren hakubisha tena habari za kibaniko. Alifungua daftari, akagawanya ukurasa kwa safu tatu.

Safu ya kwanza ilikuwa duka kubwa la Leeuwarden, lenye ukuta mzima wa televisheni, zote zikionyesha chura yuleyule. Alihudumiwa na kijana mwenye jina lake kifuani na haraka miguuni.

"Hii ina waranti ya kiwanda, miaka miwili," kijana alisema. "Ukiongeza euro mia na arobaini na tisa, mzee wangu, unapata mitano."

"Na nisipoongeza, ikaharibika mwaka wa tatu?"

"Hapo panakuwa pagumu kidogo."

"Kwa hiyo kitu cha euro elfu moja na mia moja, nyinyi wenyewe mnakitegemea miaka miwili."

"Hapana, mzee. Ni nzuri sana hii. Haiharibiki."

"Sasa kama haiharibiki, mia na arobaini na tisa za nini?"

Kijana akatazama dari kutafuta jibu, dari likamnyima. "Za kukufanya ulale vizuri."

"Mimi nalala vizuri. Muulize mke wangu ninavyokoroma."

Safu ya pili ilikuwa duka la mtandaoni. Mia tisa arobaini na tisa tu, wanaleta mpaka mlangoni, na waranti ya miaka mitano ni nyongeza ya sabini na tisa. Wiebren alisoma masharti yote, kurasa kumi na moja, akapigia mstari sharti la nne: bidhaa irudishwe ndani ya boksi lake. Alilipenda sharti hilo. Lilikuwa sharti la watu makini.

Safu ya tatu ilikuwa Gerlof.

Gerlof Wijnja alikuwa na duka la vyombo vya umeme mkabala na kanisa, na bisibisi kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyoweka kalamu. Ndiye aliyewauzia redio yao, friji yao, mashine yao ya kufulia, na sinia lao la biskuti. Kikiharibika kitu hakuna namba ya kupiga wala fomu ya kujaza. Unamwambia Alhamisi jioni kwenye mazoezi ya kundi la matarumbeta, yeye akipuliza tuba, tarumbeta lile kubwa kuliko yote, na wewe ukipiga ngoma nyuma yake, na Ijumaa kabla ya chai ya saa nne yuko jikoni kwako, magotini, anaguna. Bei yake ilikuwa elfu moja mia mbili tisini na tano. Kwenye mstari wa kuletewa nyumbani Wiebren aliandika: Gerlof. Kwenye mstari wa matengenezo: Gerlof. Kwenye mstari wa waranti alifikiri sana, akaandika: Gerlof.

Jioni alimsomea mkewe ukurasa mzima.

"Safu ya tatu ndiyo fupi kuliko zote," Aukje alisema. "Nenda kwa Gerlof."

"Kwake bei inazidi kwa euro mia tatu na kitu."

"Nenda kwa Gerlof, Wieb."

Akaenda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Gerlof, mtu anayemkaribisha kahawa hata anayekuja kuuliza njia, siku hiyo hakumkaribisha hata kiti. Dirishani kwake, kwenye ukuta wa ndani, televisheni ya inchi sitini na tano ilikuwa inaonyesha samaki wa rangi, kama ilivyowaonyesha mchana kutwa kwa miaka miwili.

"Kama ile," Wiebren alisema.

"Kubwa mno kwenu," Gerlof alijibu, akipangusa kaunta iliyokuwa safi tayari.

"Ni ya macho ya Aukje. Daktari kasema."

Gerlof akaacha kupangusa. Akaanza tena. "Basi katazame Leeuwarden. Au mtandaoni huko. Wana bei nzuri siku hizi."

"Gerlof. Wewe ndiye unayeniambia hivyo?"

"Nakwambia kama rafiki. Mimi itabidi niagize, na kuagiza kunachelewa."

"Siku ngapi?"

"Sijui, Wieb. Kunachelewa tu."

Wiebren alirudi nyumbani masikio yanawaka moto. Miaka arobaini ya kununua kwa mtu, halafu siku unayotaka kununua kitu kikubwa kuliko vyote anakufukuza kama muuza mifagio. Hakumweleza Aukje yote. Alisema tu kwamba kwa Gerlof hakuna mzigo, akakaa mbele ya kompyuta, akabonyeza safu ya pili, pamoja na zile sabini na tisa.

Hasira ni kitu kimoja na aibu ni kingine, na mpaka asubuhi aibu ilikuwa imeshaipita hasira. Lytsewier haina mapazia. Huku ukifunga pazia mchana watu wanauliza nani kafariki. Mtu akipita barabarani anaona mnachokula, na akipita polepole anaona kama kimeiva. Kuficha televisheni yenye ukubwa wa mlango ndani ya nyumba ya namna hiyo kulihitaji akili za mwizi wa benki. Wiebren alipanga iletwe Jumatatu asubuhi, siku ambayo Gerlof hufuata bidhaa Groningen. Aliiweka kwenye ukuta wa pembeni, ambao mtu wa barabarani hauoni mpaka aingie kwenye kitalu cha maua. Na boksi akalisukuma bandani, nyuma ya mashine ya kukatia nyasi, maandishi ya duka yakitazama ukuta.

"Kwa nini usilitoe Alhamisi wakipita watu wa makaratasi?" Aukje aliuliza.

"Kwanza, sharti la nne."

"Na pili?"

"Pili, Alhamisi hii ni zamu ya Gerlof."

Mara moja kwa mwezi kundi la matarumbeta lilizunguka kijiji kwa trekta na tela, likikusanya makaratasi na maboksi ya watu. Yakiuzwa, pesa ndiyo inayonunua vyombo vipya, na tuba ya Gerlof yenyewe ilitokana na magazeti ya miaka sita. Wapuliza tarumbeta walipokezana zamu kwenye tela. Kwa hiyo hakuna siri ya duka Lytsewier: ulichonunua, na ulikonunua, mwisho wa mwezi kinapita juu ya tela mbele ya kanisa.

"Tunamficha mtu boksi," Aukje alisema, akimtazama sikio. "Sisi wazee wa miaka sabini."

"Wewe ndiye wa sabini. Mimi sitini na tisa."

Jumatatu na Jumanne zilikuwa siku njema. Aukje alivuta kiti cha jikoni mpaka mita moja kutoka kwenye kioo, akatazama taarifa ya habari, akasema msomaji amezeeka, mara ya mwisho alimwona akiwa kijana. Alitazama mapishi, akataja viungo kabla mpishi hajavitaja. Wiebren alimtazama akitazama, na kwa siku mbili hakufungua daftari kabisa.

Jumatano alasiri Aukje alizima televisheni mapema. Wiebren hakuona ajabu. Alhamisi asubuhi alitoka kwenda kuendesha basi dogo la kijiji, linaloendeshwa na wastaafu kwa zamu bila mshahara, akapeleka bibi wawili hospitali na mmoja kwa msusi. Alirudi saa saba. Televisheni imezimwa. Aukje amekaa kwenye kiti cha jikoni palepale, mikono mapajani, anatazama kioo cheusi.

"Huangalii?"

"Nimechoka."

"Kulikuwa na mbio za majaribio leo Heerenveen. Wangemwonyesha labda."

"Nimesema nimechoka, Wieb. Mwambie Jildou nimefurahi. Mwambie nimemwona, usimvunje moyo."

Wiebren hakuelewa. Akachukua rimoti, akawasha apate habari za hali ya hewa. Mwanadada wa hali ya hewa akatokea, mikono yake ikapunga kulia na kushoto, lakini kifua chake na uso wake na nusu ya nchi ya Uholanzi vilikuwa vimezibwa na doa jeusi, duara, kubwa kama sufuria ya supu.

"Hili ni nini tena?" Wiebren alisema.

Aukje akageuka taratibu. "Unaona nini?"

"Doa. Jeusi. Katikati kabisa."

"Na wewe unaliona?"

"Aukje, mtu yeyote mwenye—" Akashusha rimoti. Alikuwa ameelewa.

Tangu Jumatano alasiri mkewe alikuwa amekaa mbele ya televisheni mbovu akidhani ni macho yake. Alidhani ukungu umekua kwa siku moja mpaka umemeza hata kioo cha inchi sitini na tano, na hakusema neno, alitandika kitanda na kumenya viazi, akijizoeza.

"Nimelala macho," Aukje alisema. "Nikasema basi, imefika." Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kukatikakatika, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na Wiebren akapiga magoti kwenye zulia, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, akamshika mikono.

"Si wewe," alisema. "Ni yenyewe. Imeharibika tu, mpenzi wangu. Imeharibika vizuri kabisa."

Waliporudiwa na pumzi, Wiebren alipiga simu duka la mtandaoni. Alisikiliza kinanda kwa dakika ishirini na mbili, kisha akapata binti mpole.

"Pole sana, bwana Hofstra. Tutakuja kuichukua ndani ya siku kumi za kazi. Iwe tu ndani ya boksi lake."

"Siku kumi? Mke wangu anaihitaji Jumamosi."

"Pole sana, bwana Hofstra. Ndani ya boksi lake, tafadhali."

Akakata simu. "Siku kumi," alimwambia Aukje. "Lakini tukiifunga sasa hivi labda wataona tuko makini. Naleta boksi."

Aukje akajifuta uso kwa aproni. "Wieb."

"Hm?"

"Boksi nimelitoa nje barabarani asubuhi, walichukue watu wa makaratasi. Nilidhani hatuna tena la kusubiri."

Nje, mbali kidogo, upande wa kanisa, trekta lilikuwa linanguruma.

Wiebren alidandia baiskeli bila koti. Upepo wa Februari huku hautoki upande wowote, unatoka mbele, hata ukigeuka. Alipofika mtaa wa kanisa tela lilishaondoka. Alipofika darajani aliona mgongo wa tela ukikata kona. Alilikuta nyuma ya ukumbi wa mazoezi, limeegeshwa kwenye kontena la makaratasi. Doeke, mwenye trekta, alikuwa ndani anakunywa kahawa. Juu ya tela, peke yake, miguu imezama kwenye magazeti mpaka magotini, alikuwa Gerlof.

Wakatazamana. Wiebren, aliyekuwa ameandaa maneno njia nzima, aliegemea baiskeli akahema.

"Umefuata boksi lako," Gerlof alisema.

"Boksi lipi?"

"Wieb. Lina jina lako, anwani yako, na picha ya televisheni." Akainama, akavuta kutoka chini ya rundo kipande kikubwa cha boksi, kimekunjwa vizuri, maandishi yote kwa ndani. "Nimelikunja hivi Doeke asilisome. Unajua mdomo wake."

Wiebren alilitazama boksi, akatamani lile kontena limmeze na yeye, auzwe kwa kilo pamoja na magazeti.

"Ulinifukuza," alisema hatimaye. "Nilikuja kwako kwanza. Ukanifukuza kama mbwa."

"Najua."

"Miaka arobaini, Gerlof."

"Arobaini na mbili. Redio mliinunua kabla ya harusi." Gerlof akaketi juu ya magazeti, akatoa bisibisi mfukoni, akaigeuzageuza. "Nafunga duka Juni. Hakuna anayejua. Wewe umesimama pale unaniambia macho ya Aukje, na mimi nikuuzie kitu cha elfu na zaidi, waranti miaka mitano, halafu kiangazi ukute mlango una ubao? Nilikuwa naomba usinunue kwangu. Siku ile ulipotoka nilishukuru Mungu, halafu sikula chakula cha mchana."

"Ungesema tu."

"Kwa mdomo gani? Sijamwambia hata mke wangu tarehe."

Upepo ukapeperusha ukurasa wa matangazo ya maziwa, ukaenda zake. Wiebren akapanda kwenye tela kwa shida, akaketi pembeni yake.

"Imeharibika," alisema.

"Nini?"

"Televisheni. Siku ya tatu tu. Doa jeusi katikati. Na Aukje akadhani ni macho yake. Tangu jana, Gerlof, kakaa na hilo peke yake." Akakohoa, akasingizia baridi. "Na Jildou anateleza keshokutwa. Na wao wanasema siku kumi, na lazima iwe kwenye boksi."

Gerlof akarudisha bisibisi mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sura yake ikawa ile ya Ijumaa asubuhi, ya mtu aliyepiga magoti jikoni kwako.

"Hawawezi kukudai boksi kwa kitu kibovu," alisema. "Hilo sharti lao wajisomee wenyewe. Umeletewa kitu kilichokufa siku ya tatu, ni juu yao kukichukua, hata ukikifunga kwa shuka. Na umenunua mtandaoni. Una siku kumi na nne za kurudisha na kudai pesa yako bila kueleza sababu. Ulilipia na waranti ya ziada?"

"Sabini na tisa."

"Umenunua kitu ambacho sheria ilishakupa bure karibu chote."

"Kwa hiyo nimekimbiza trekta bure."

"Kwa baiskeli. Bila koti." Gerlof alimtazama kichwani mpaka miguuni. "Wewe bwana, ukifa na baridi Aukje atanidai mimi waranti."

Wakacheka, wazee wawili juu ya rundo la magazeti, mpaka Doeke akatoa kichwa mlangoni kuuliza kuna nini, wakamwambia hakuna.

Gerlof alitaka kuwaazima televisheni ya samaki, lakini haikuweza kuhamishwa kabla ya Jumamosi. Gerlof aliifunga ukutani mwenyewe, kwa nati za kufungia daraja, na kuiteremsha ilikuwa kazi ya siku nzima na watu wanne. Kumteremsha Aukje kutoka kwenye gari ilikuwa kazi ya dakika moja. Kwa hiyo Jumamosi saa nane mchana wakampeleka yeye. Gerlof alishaweka kochi mbele ya kioo. Aukje akalikataa.

"Kiti changu kiko kwenye gari," alisema.

Wiebren akaleta kiti cha jikoni, chenye miguu iliyotafunwa, akakiweka mita moja kutoka kwenye kioo. Alipima kwa hatua, akakisogeza kidole kimoja nyuma. Gerlof akawaondoa samaki. Watu waliopita mbele ya kanisa walisimama kidogo kuona kwa nini Aukje Hofstra amekaa kwenye dirisha la duka kama mashine ya kufulia, wakapunga mkono, wakaendelea. Wawili hawakuendelea.

Jildou alikuwa kwenye njia ya ndani, kitambaa cheupe mkononi. Kamera ilimkaribia kabla ya bunduki kulia, na uso wake ukajaa kioo chote, mkubwa kuliko mlango, pua nyekundu, nywele moja imetoka kwenye kofia. Aukje akaegemea mbele. Alitazama kidogo pembeni, begani kwa mtoto, kama anavyotazama anapotaka kuona kwa kweli.

Mzunguko wa kwanza hakusema kitu. Wa pili vilevile. Wiebren alisimama nyuma yake, hamwangalii Jildou, anaangalia kisogo cha mkewe, na hakuthubutu kuuliza. Mzunguko wa tatu mkono wa Aukje ukaanza kugonga ukingo wa kiti.

"Bega," alisema.

"Nini?" Wiebren akauliza.

"Anainua bega la kushoto kwenye kona. Nilimwambia toka ana miaka mitatu. Tazama. Hilo hapo tena. Shusha bega, wewe mtoto."

Wiebren akageukia dirisha, akawa na shughuli kubwa ya kutazama kanisa. Gerlof alitoka kwenda kutengeneza kahawa, akakaa huko muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji.

Jildou akawa wa nane. Alipovuka mstari alijishika magoti, akainua uso kwenye kamera, akagusa bega lake la kushoto na kucheka, maana alijua kuna mtu anagomba mahali fulani.

Kahawa ilipokuja, na biskuti, Aukje alinyanyuka akaweka mkono wake juu ya fremu ya televisheni, yenye joto.

"Bei gani hii?"

"Hiyo siuzi," Gerlof alisema. "Imewaka masaa manane kila siku kwa miaka miwili. Imechoka kama mimi. Na duka nafunga Juni, Aukje, Wieb atakuwa kakuambia. Waranti ya duka lililofungwa ni karatasi tu."

"Sijakuuliza habari za duka. Nimekuuliza bei."

Gerlof akataja euro mia mbili, kwa sauti ndogo. Aukje akasema mia tatu. Wiebren akafungua mdomo, akaona sikio lake linatazamwa, akafunga.

"Watu wa matarumbeta watatusaidia kuishusha Jumatatu," Aukje alisema. "Sasa chukua kitabu chako cha risiti, uandike. Televisheni moja, imetumika."

Gerlof akaandika.

"Waranti."

"Niandike nini hapo?"

"Andika: Gerlof."

Gerlof akamtazama Wiebren. Wiebren alikuwa anatazama viatu vyake, vile vya tangu Pasaka. Kalamu ikasimama kidogo, halafu ikaandika, herufi moja moja, na muhuri wa duka ukapigwa juu yake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wiebren akaichukua risiti akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Aliisoma mara tatu, mbele na nyuma, kama alivyosoma zile kurasa kumi na moja.

"Haisemi mpaka lini," alisema.

"Mpaka mmoja wetu azimike," Gerlof alijibu. "Mimi au yenyewe."

Wiebren akafikiri. Hilo lilionekana sawa. Akaikunja risiti mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani, akafunga kifungo, akafikiri tena.

"Na rimoti imo?"